Wastani Unapodanganya: Hisabati ya Nasibu, Mbuzi wa Endamarariek na Simba wa Ngorongoro

Utangulizi

Endamarariek ni kata mojawapo ya Wilaya ya Karatu, Mkoa wa Arusha, katika nchi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Upande mmoja nchi hupanda kuelekea misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro, ambako mvua hunyesha kwa wingi. Upande wa pili huteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, ambako mvua ni haba. Wenyeji, ambao wengi wao ni Wairaqw, hulima mahindi, maharage, mbaazi na ngano, na hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo. Mwaka wa mvua njema ghala hujaa na mifugo huzaa. Mwaka wa ukame, au wa mvua iliyopita kiasi, mambo huwa kinyume.

Hakuna ajuaye kwa hakika mwaka ujao utakuwa wa namna gani. Hata hivyo mfugaji hulazimika kuamua leo auze mbuzi wangapi na abakize wangapi. Mhifadhi wa wanyama naye, kule Ngorongoro, hulazimika kukadiria kama kundi dogo la simba litadumu au litatoweka. Wote wawili wanakabiliwa na swali moja la hisabati: kitu kinachoongezeka au kupungua kila mwaka kwa kadiri isiyotabirika, mwishowe kitafikia wapi?

Tawi la hisabati linalochunguza swali hilo huitwa nadharia ya mifumo badilifu ya nasibu. Mfumo badilifu ni kitu chochote ambacho hali yake ya kesho hutokana na hali yake ya leo kwa kufuata kanuni fulani. Ukiwa ni wa nasibu, kanuni yenyewe hubadilika kila hatua kwa bahati, kama vile shilingi inavyorushwa hewani ili iamue. Makala haya yanaeleza msingi wa elimu hiyo, watu waliouweka, na namna mwanafunzi wa sekondari anavyoweza kuuthibitisha kwa daftari, kalamu na jedwali la logi.

Mfano wa mbuzi mia moja

Chukua mfano wa kubuni. Mfugaji wa Endamarariek ana mbuzi 100. Mwaka wa neema kundi lake huongezeka kwa nusu, yaani huzidishwa kwa 1.5. Mwaka wa shida hubaki sehemu sita tu katika kumi, yaani kundi huzidishwa kwa 0.6. Miaka ya aina hizo mbili hutokea kwa uwezekano ulio sawa, na mwaka mmoja hauathiri mwingine.

Je, kundi hilo litakua au litapungua? Watu wengi wangejibu kwa kutafuta wastani: 1.5 na 0.6 jumla yake ni 2.1, na nusu yake ni 1.05. Kwa hiyo, wangesema, kundi litakua kwa asilimia 5 kila mwaka, na baada ya miaka 20 mbuzi 100 watakuwa wamefikia 265.

Jibu hilo halina kosa la kujumlisha, lakini linampotosha mfugaji. Tazama yatakayotokea katika miaka miwili tu. Njia zinazowezekana ni nne, na kila moja ina uwezekano sawa na nyingine:

Neema, neema: 100 × 1.5 × 1.5 = 225
Neema, shida: 100 × 1.5 × 0.6 = 90
Shida, neema: 100 × 0.6 × 1.5 = 90
Shida, shida: 100 × 0.6 × 0.6 = 36

Jumla ya namba hizo ni 441, na wastani wake ni 110.25, sawasawa na 100 × 1.05 × 1.05. Wastani haukukosea. Lakini katika njia nne, tatu zimempa mfugaji mbuzi pungufu ya wale alioanza nao. Njia moja tu yenye bahati kubwa ndiyo iliyouinua wastani, na kuzificha hasara za nyingine tatu.

Kadiri miaka inavyozidi, tofauti hiyo huzidi kuwa kubwa. Katika miaka 20, njia zinazowezekana ni 1,048,576. Njia moja kati ya hizo, ile ambayo miaka yote ni ya neema, ingempa mfugaji mbuzi zaidi ya 332,000, idadi ambayo hakuna boma liwezalo kuichukua. Ni njia chache za namna hiyo zinazoufanya wastani ufikie 265. Ama mfugaji wa kawaida, aliyepata miaka 10 ya neema na 10 ya shida, atabaki na mbuzi 35 hivi. Kwa hakika, robo tatu hivi ya njia zote humalizikia chini ya mbuzi 100.

Mfugaji haishi maisha ya watu milioni moja kwa pamoja. Huishi njia moja tu, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo anahitaji namba nyingine badala ya wastani wa kawaida.

Kazi ya logi

Namba hiyo hupatikana kwa kutambua kwamba kundi halijumlishwi kila mwaka bali huzidishwa. Kila mwanafunzi aliyefundishwa logi anajua kuwa logi hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Basi badala ya kutafuta wastani wa vizidishi, utafutwe wastani wa logi zake:

logi ya 1.5 = 0.1761
logi ya 0.6 = −0.2218
Jumla = −0.0457
Wastani = −0.0229 takriban

Namba hiyo ni hasi, na alama hiyo ya hasi ndiyo hukumu ya kundi. Wastani wa logi ukiwa chanya, kundi litakua hatimaye. Ukiwa hasi, litapungua kuelekea sifuri, hata kama wastani wa kawaida unaonyesha ongezeko. Ukiwa sifuri, kundi litayumba juu na chini bila mwelekeo maalumu.

Sababu yake ni kanuni ya namba kubwa. Mtu akirusha shilingi mara nyingi sana, sehemu ya mara inapoangukia upande mmoja hukaribia nusu. Vivyo hivyo, miaka ikiwa mingi, wastani wa logi za miaka iliyopita hukaribia namba moja isiyobadilika, nayo ni ile ile kwa karibu wafugaji wote, wenye bahati na wasio na bahati. Bahati huchezea mwaka mmoja mmoja, lakini katika muda mrefu hushindwa kuificha namba hiyo.

Mwaka 1969 wanabiolojia Richard Lewontin na Dan Cohen walilieleza jambo hilo kwa viumbe hai. Walionyesha kwamba katika mazingira yanayobadilika kwa nasibu, idadi ya viumbe inayotarajiwa kwa wastani yaweza kukua bila kikomo, na papo hapo uwezekano wa viumbe hao kutoweka ukakaribia hakika. Msomaji aliyeufuata mfano wa mbuzi hatashangaa tena kwamba mambo hayo mawili yaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Mpangilio wa miaka una maana

Mfano uliotolewa juu ni rahisi kuliko mambo yalivyo. Kundi halisi lina mbuzi wachanga na mbuzi wakubwa, na ukame hauwapati kwa namna moja. Kwa hiyo hali ya kundi lazima ielezwe kwa namba mbili badala ya moja.

Chukua kundi lenye wachanga 40 na wakubwa 60. Katika mwaka wa neema, kila mkubwa huzaa mmoja, wachanga wote hukua wakawa wakubwa, na hakuna anayekufa. Katika mwaka wa shida, wachanga wote hufa, nusu ya wakubwa hufa, na hakuna anayezaliwa.

Ikija neema kwanza, wachanga wanakuwa 60 na wakubwa 100. Kisha ikija shida, wachanga wanaisha na wakubwa wanabaki 50. Jumla ni mbuzi 50.

Ikija shida kwanza, wachanga wanaisha na wakubwa wanabaki 30. Kisha ikija neema, wachanga wanakuwa 30 na wakubwa 30. Jumla ni mbuzi 60.

Miaka ni ile ile miwili, lakini matokeo si yale yale. Kwa lugha ya hisabati, kila aina ya mwaka ni matriki, yaani jedwali la namba linaloigeuza jozi moja kuwa jozi nyingine. Na matriki zikizidishwa, mpangilio wake hauwezi kubadilishwa ovyo kama unavyoweza kubadilishwa katika kuzidisha namba za kawaida. Mwanafunzi wa kidato cha nne hufundishwa sheria hiyo, na mara nyingi huiona kuwa ni usumbufu usio na faida. Hapa faida yake inaonekana bomani.

Lakini papo hapo tatizo gumu linazaliwa. Ikiwa mpangilio una maana, ile hila ya kujumlisha logi haitoshi tena, maana hakuna logi moja ya kila mwaka iwezayo kujumlishwa. Je, bado ipo namba moja inayoamua hatima ya kundi? Swali hilo lilingoja hadi mwaka 1960 ndipo likapata jibu kamili.

Safari ya wanahisabati wawili

Jibu lilitolewa na vijana wawili, Hillel Furstenberg na Harry Kesten, katika makala yao juu ya mazao ya matriki za nasibu. Maisha yao wenyewe yalikuwa yamepitia misukosuko mingi kabla ya hapo.

Furstenberg alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1935, katika familia ya Kiyahudi. Mateso ya utawala wa Wanazi yalipozidi, familia ilitoroka muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baba alifariki kabla ya kufika Marekani. Mama alifika New York na watoto wake wawili. Huko kijana alisoma katika shule na chuo cha Kiyahudi cha Yeshiva. Inasimuliwa kwamba hamu yake ya hisabati iliamka pale walimu wake walipokosea katika kuthibitisha theoremu ubaoni, naye akajaribu kutafuta uthibitisho ulio sahihi. Mwalimu anayesoma makala haya asifedheheke basi anaposahihishwa na mwanafunzi. Huenda hapo ndipo mwanahisabati anapozaliwa.

Mwaka 1955, angali mwanafunzi, Furstenberg alichapisha uthibitisho mfupi na mpya kabisa wa jambo lililojulikana tangu enzi za Wayunani, yaani kwamba namba tasa hazina mwisho. Mwaka 1958 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton chini ya Salomon Bochner. Maandishi yake ya mwanzo yaligusa matawi mengi ya hisabati kiasi kwamba ulienea mzaha kuwa jina lake ni la kubuni, na nyuma yake wamejificha watu kadhaa.

Kesten alizaliwa Duisburg, Ujerumani, mwaka 1931. Mwaka 1933 familia yake ilihamia Uholanzi. Baada ya masomo Amsterdam alikwenda Marekani, akapata uzamivu katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1958 chini ya Mark Kac, kisha akaenda Princeton. Huko ndiko alikokutana na Furstenberg.

Theoremu yao, kwa maneno mepesi, ni hii: matriki zikichaguliwa kwa nasibu, kila hatua kwa uwezekano ule ule, na zisiwe zenye kupita kiasi, basi kadiri ya ukuaji wa zao la matriki hizo, ikigawanywa kwa idadi ya hatua katika kipimo cha logi, hukaribia namba moja isiyobadilika. Hukaribia hivyo kwa uwezekano wa moja kamili, yaani kwa karibu kila njia. Kwa hiyo hata pale mpangilio wa miaka unapokuwa na maana, ipo namba moja inayotawala hatima ya mfumo. Namba hiyo huitwa kipeo cha Lyapunov, kwa heshima ya Mrusi Aleksandr Lyapunov (1857–1918), aliyechunguza uthabiti wa mifumo mwishoni mwa karne ya 19.

Kazi hiyo ilifungua mlango. Mwaka 1968 Mrusi Valery Oseledets alithibitisha theoremu iliyo pana zaidi, iliyoonyesha kwamba mfumo mmoja waweza kuwa na vipeo kadhaa, kila kimoja kwa mwelekeo wake. Mwaka 1998 Mjerumani Ludwig Arnold, wa Chuo Kikuu cha Bremen, alichapisha kitabu kikubwa kilichokusanya elimu yote hiyo chini ya jina la mifumo badilifu ya nasibu. Furstenberg alifundisha katika Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Yerusalemu tangu 1965 hadi alipostaafu, na mwaka 2020 alipewa Tuzo ya Abel pamoja na Gregory Margulis. Kesten alifundisha Cornell kwa miaka mingi, akafariki mwaka 2019.

Simba wa Ngorongoro

Kutoka Karatu mjini hadi ukingo wa Kreta ya Ngorongoro si mbali. Sakafu ya kreta ina eneo la kilometa za mraba 250 hivi, nayo imezungukwa na kuta ndefu. Simba wanaoishi humo ni kama wamo kisiwani. Wachache tu hutoka nje kuja kujiunga nao. Kwa sababu hiyo wanasayansi wameweza kuwahesabu kwa miaka mingi, na historia yao ni mfano ulio wazi wa mfumo unaopigwa na nasibu.

Mvua za mwishoni mwa 1961 na za 1962 zilikuwa kubwa mno katika Afrika Mashariki. Baada yake nzi wanyonyao damu, wa jamii iitwayo Stomoxys, walizaliana kwa wingi usio wa kawaida ndani ya kreta. Henry Fosbrooke, aliyekuwa mhifadhi wa Ngorongoro, aliandika habari za tauni hiyo. Simba waliumwa hadi wakajaa vidonda na kudhoofika, wakashindwa kuwinda. Kabla ya hapo walikuwa zaidi ya 60. Waliobaki walikadiriwa kuwa 10 tu, majike 9 na dume 1. Miaka miwili mitatu baadaye madume 7 yaliingia kutoka nje.

Baada ya hapo chakula kilikuwa tele na simba wakaongezeka. Kufikia 1983 walikuwa wamepita 120. Kutoka 10 hadi 120 katika miaka 21 ni sawa na ongezeko la asilimia 12 hadi 13 kwa mwaka. Mtu angedhani kwamba wataendelea kujaa kreta daima. Haikuwa hivyo. Mwaka 2004 Bernard Kissui, mtafiti Mtanzania, pamoja na Craig Packer, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba simba wa kreta walipigwa na vifo vya wingi mara nne: 1962, 1994, 1997 na 2001. Pigo la 2001 lilifuata ukame wa mwaka 2000 na mvua kubwa zilizokuja baadaye. Watafiti hao walieleza kwamba kwa miaka mingi idadi ya simba ilizuiwa na maradhi, ikawa chini ya kiasi ambacho chakula cha kreta kingeweza kukilisha.

Hapa logi inafundisha jambo ambalo wastani hauonyeshi. Simba 75 wakipunguzwa kuwa 10, kundi limegawanywa kwa 7.5. Logi ya 7.5 ni 0.8751. Kundi linaloongezeka kwa asilimia 10 kila mwaka hupata logi ya 0.0414 kwa mwaka. Gawanya: kwahitajika miaka 21 hivi ya neema mfululizo ili kufuta mwaka mmoja wa namna hiyo. Kwa hiyo anayetaka kujua usalama wa kundi dogo asiulize tu linaongezeka kwa kiasi gani katika miaka ya kawaida. Aulize pia mapigo makubwa huja mara ngapi. Tena simba wote waliofuata walitokana na wazazi wachache, na udugu huo wa karibu huleta hatari nyingine ambayo hesabu ya vichwa peke yake haiwezi kuionyesha.

Ni lazima kukumbuka kwamba hakuna kundi linaloweza kukua bila mwisho. Malisho na mawindo huweka dari. Kipeo cha Lyapunov hueleza hasa yale yanayotokea kundi linapokuwa dogo, mbali na dari hiyo: kama lina nguvu ya kuinuka tena, au la.

Kugawa hatari

Je, mfugaji aliye na kipeo hasi hana la kufanya? Analo, na wazee wa nchi hiyo walilijua kabla ya hesabu kuandikwa. Miongoni mwa Wairaqw ipo desturi ya zamani ya kuwekeana mifugo: mtu huwaweka baadhi ya wanyama wake kwa jamaa au rafiki aishiye mahali pengine. Hisabati yaeleza kwa nini jambo hilo ni la busara.

Rudi kwa mbuzi 100, wenye vizidishi vile vile 1.5 na 0.6. Safari hii wagawanywe nusu kwa nusu mahali pawili ambapo neema na shida huja bila kutegemeana, na kila mwaka wasawazishwe upya. Sasa kundi zima huzidishwa kwa 1.5 mara moja katika nne, kwa 1.05 mara mbili katika nne, na kwa 0.6 mara moja katika nne. Wastani wa kawaida ni ule ule 1.05. Lakini wastani wa logi ni −0.0008, karibu sawa na sifuri. Wakigawanywa mahali patatu, vizidishi vinakuwa 1.5, 1.2, 0.9 na 0.6, kwa uwezekano wa 1/8, 3/8, 3/8 na 1/8. Wastani wa logi sasa ni 0.0068, namba chanya.

Matokeo ya miaka 20, kwa njia ya kawaida, ni haya:

Mahali pamoja: mbuzi 100 wanakuwa 35
Mahali pawili: mbuzi 100 wanakuwa 96
Mahali patatu: mbuzi 100 wanakuwa 137

Mvua haikuongezeka hata tone moja, wala mbuzi hawakubadilishwa mbegu. Kilichobadilika ni kwamba bahati mbaya haikuruhusiwa kulipiga kundi lote kwa siku moja.

Tahadhari moja ni ya lazima. Hesabu hii inadai kwamba shida ya mahali pamoja isifuatane na ya pengine. Ukame mkubwa unapoifunika Karatu yote, kutoka msituni hadi Eyasi, kugawa mbuzi katika maboma mawili yaliyo jirani hakusaidii sana. Faida huongezeka kadiri mahali panavyotofautiana kwa mvua, malisho na maradhi. Kwa sababu hiyo hiyo mkulima anayepanda mahindi pamoja na mbaazi, ambazo hustahimili ukavu zaidi, amegawa hatari ndani ya shamba moja. Hata mimea ya jangwani hufanya hivyo: mwaka 1966 Dan Cohen alionyesha kwa hisabati kwamba mmea wa mwaka mmoja hufaidika ikiwa sehemu ya mbegu zake haioti mwaka ule, bali hubaki ardhini kungoja mvua nyingine.

Njia ya mwanafunzi

Mwanafunzi wa Karatu asidhani kwamba elimu hii ni ya watu wa mbali peke yao. Verdiana Grace Masanja, aliyezaliwa Bukoba mwaka 1954, alipata shahada ya kwanza ya hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1976, na ya uzamili mwaka 1981. Kisha alikwenda Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin, katika mji ule ule ambao Furstenberg aliukimbia utotoni, na mwaka 1986 akapata uzamivu. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mtanzania kupata shahada hiyo katika hisabati. Utafiti wake ulihusu mwendo wa vimiminika vizito ndani ya mabomba, ambao nao ni mfumo badilifu, ingawa si wa nasibu. Baadaye alifundisha Dar es Salaam na Rwanda, kisha akawa profesa katika Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, mjini Arusha.

Ngazi ya kupandia inajulikana. Chini kabisa zimo sehemu, asilimia na logi. Juu yake ni uwezekano na matriki, ambazo hufundishwa sekondari. Kisha huja kalkulasi katika kidato cha tano na cha sita, na chuoni nadharia ya uwezekano pamoja na aljebra ya mstari. Makala haya yamepita katika ngazi mbili za chini tu, na hata hivyo yameweza kujibu swali la kweli la mfugaji. Mwalimu anaweza kulifanya somo hili darasani kwa vipindi viwili, akitumia mazoezi yafuatayo.

Mazoezi

1. Kila mwanafunzi aanze na mbuzi 100, arushe shilingi mara 20, azidishe kwa 1.5 au kwa 0.6 kila mara. Darasa la wanafunzi 40 lihesabu wangapi wamemaliza chini ya 100, kisha litafute wastani wa darasa zima na kulinganisha na 265.

2. Kundi huzidishwa kwa 1.4 mwaka wa neema na kwa 0.7 mwaka wa shida, kwa uwezekano sawa. Tafuta wastani wa kawaida na wastani wa logi. Kisha ligawanye mahali pawili na urudie hesabu.

3. Kwa kundi la wachanga 40 na wakubwa 60, tafuta jumla ya mbuzi baada ya miaka mitatu, miwili ya neema na mmoja wa shida, ikiwa shida inakuja mwanzo, katikati au mwisho.

4. Simba 75 wamepungua kuwa 10. Wakiongezeka kwa asilimia 5 kila mwaka, watahitaji miaka mingapi kurudi 75?

Majibu

1. Wanafunzi 30 hivi wanatarajiwa kumaliza chini ya 100. Wastani wa darasa hutegemea sana wale wachache wenye bahati, na kila darasa litapata wastani wake.

2. Wastani wa kawaida ni 1.05, wastani wa logi ni −0.0044 mahali pamoja, na 0.0084 mahali pawili. Hapa mahali pawili panatosha.

3. Shida mwanzo, 90; katikati, 100; mwisho, 80.

4. Miaka 42 hivi.